Kobe wa maji safarini: ukiona hivi, anza hapa

Watu wengi wanaohama na kobe wa maji huogopa jambo moja juu yake: kwamba atakauka. Ndiyo maana utamkuta kobe nyuma ya gari ndani ya ndoo iliyojaa maji, yakimwagika kila breki inapokanyagwa, naye akihangaika humo kutafuta pa kushika. Hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Kobe aliyekomaa na mwenye afya anaweza kukaa nje ya maji siku nzima bila kudhurika. Kinachomwangusha njiani ni joto au baridi, na kinachomwangusha baada ya kufika ni maji mapya ambayo bado hayajawa tayari kwake.

Mwongozo huu ni wa kobe wa masikio mekundu, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, kwa sababu ndiye anayefugwa kuliko wote katika nyumba za hapa Marekani. Akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30 na zaidi, kwa hiyo mtoto aliyeletewa kobe akiwa darasa la pili atahama naye zaidi ya mara moja. Kwa mfano nimechukua barabara ya I-35 kutoka Minneapolis, kupitia Des Moines, Kansas City, Wichita na Oklahoma City, hadi Dallas: kilomita kama 1,500, siku mbili za kuendesha bila kujiumiza. Ndugu zetu wengi wameipita wakifuata kazi au wakikimbia baridi. Tena ni barabara inayomjaribu kobe kwelikweli, maana mwezi wa Machi unaweza kuondoka kwenye theluji na kesho yake ukawasha kiyoyozi.

Dalili nimezipanga kadiri zinavyokuja, za njiani kwanza, za baada ya kufika baadaye. Lakini yapo mambo mawili ya kuyashika kabla ya dalili yoyote.

Kipimajoto kabla ya yote

Kobe hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Anachukua joto la mahali alipo, na kila kitu ndani yake, kupumua, kusaga chakula, kupigana na vijidudu, kinakwenda kwa kasi ya joto hilo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya dalili yoyote ni hili: ndani ya sanduku kuna nyuzi ngapi? Usikisie kwa mkono wako wala kwa namna unavyojisikia kwenye kiti cha mbele. Nunua kipimajoto chenye waya, kile ambacho ncha yake inaingia ndani na kioo chake kinabaki nje, upitishe waya kwenye tundu la sanduku. Utasoma bila kufungua. Kati ya nyuzi 22 na 28 za Selsiasi, ambazo kwa vipimo vya hapa ni kama 72 hadi 82, uko salama.

Jambo la pili: kobe huficha ugonjwa. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa, na tabia hiyo hajaiacha sebuleni kwako. Unachokiona siku ya tano mara nyingi kilianza siku ya kwanza. Ndiyo sababu nasisitiza uandike, hata nyuma ya risiti ya mafuta: saa, joto la sandukuni, amelowekwa lini, amejisaidia au la. Daktari akikuuliza utakuwa na la kumjibu.

Sanduku

Beseni la plastiki lenye mfuniko wa kufunga, lisilopenya mwanga, linatosha. Liwe na nafasi ya kobe kugeuka lakini si ya kutembea na kujigonga. Toboa matundu ubavuni na juu, ukitobolea ndani kwenda nje ili kingo kali zisibaki upande wake. Tandika taulo lenye unyevu, lililokamuliwa. Usiweke mawe, changarawe, bakuli la maji, wala jukwaa lake la kuotea jua. Vyote hivyo gari likifunga breki humwangukia yeye. Kila kobe na sanduku lake, hata kama wameishi tangi moja miaka mingi, maana kobe wawili waliobanwa gizani huumana.

Sanduku likae ndani ya gari mnamokaa nyinyi, kwenye kiti cha nyuma likiwa limefungwa mkanda, au sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Buti la gari dogo halipati kiyoyozi. Nyuma ya lori la kukodi ni pabaya zaidi, na sioni sababu yoyote ya kumweka kiumbe hai huko.

Mara ya mwisho kumlisha iwe siku moja au mbili kabla ya safari. Kobe huyu hamezi vizuri bila maji, kwa hiyo chakula cha njiani ni uchafu tu sandukuni.

Anakwaruza sanduku bila kutulia

Nusu saa ya kwanza ni kawaida. Amenyanyuliwa kutoka mahali anapopajua na gari linatikisika. Asipotulia baada ya hapo, fuata mfuatano huu.

Soma joto. Likivuka 30, hiyo ndiyo sababu, na usiendelee kutafuta nyingine. Anajaribu kutoka mahali panapomuunguza. Pooza gari kwanza, na angalia kama jua la dirishani linapiga sanduku moja kwa moja. Gari linaweza kuwa baridi mbele huku jua la mchana likichoma kiti cha nyuma upande mmoja.

Joto likiwa sawa, tazama mwanga. Beseni linaloonyesha ndani ni adha kwake: anaona ukuta asiouona kuwa ukuta, anausukuma kwa pua mpaka pua inachubuka. Lifunike kwa kitambaa chepesi bila kuziba matundu, na mara nyingi atatulia muda si mrefu.

Kisha tazama miguu inayofanya kazi. Akikwaruza kwa miguu ya mbele, anataka kutoka. Akichimba kwa miguu ya nyuma, kwa mpangilio, mguu huu kisha ule, na ni jike aliyekomaa, fikiria mayai. Jike hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Msimu wake ni majira ya kuchipua na kiangazi, na hapo ndipo watu wanahama, shule zikishafungwa. Utamtambua jike kwa kucha fupi za mbele na mkia mfupi, wakati dume ana kucha ndefu kama sindano. Mkimjua jike wenu kwamba ana mayai, ni heri msubiri atage kabla ya kuondoka: mpe beseni kubwa la udongo au mchanga wenye unyevu, lenye kina cha kuzidi urefu wake, na muda wa peke yake. Kama mko barabarani tayari, mfikishe haraka na umpe beseni hilo jioni ileile. Mayai yakikwama tumboni humuua kobe polepole, na dalili yake ni kuhangaika kunakofuatiwa na kupooza na kukataa chakula. Hapo ni daktari na picha ya eksirei, si kungoja.

Mdomo wazi, povu, shingo na miguu imelegea

Hii ni dharura. Amepata joto kupita kiasi. Kobe anayepikika hutoa mate mengi na kujikojolea, akijaribu kujipooza kwa unyevu huo. Baada ya hapo hulegea, na watu wengi hufurahi wakidhani ametulia.

Chanzo karibu kila mara ni gari lililosimama. Gari lililofungwa kwenye jua hupanda joto kwa kasi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza, hata siku ambayo nje pana ubaridi mzuri. Kufungua dirisha upana wa vidole viwili hakusaidii kitu. Kama mnaingia kula Oklahoma mwezi wa Juni, ama mtu mmoja abaki na gari likiwa linaunguruma, ama sanduku liingie nanyi.

La kufanya: mtoe kwenye joto, mweke kivulini, umlaze kwenye maji ya uvuguvugu mdogo yasiyofika puani, umshikilie kichwa juu. Usitumie maji ya barafu. Mshtuko wa baridi juu ya mwili uliochemka humwongezea madhara. Mpooze taratibu kwa robo saa hadi nusu saa huku mtu mwingine akipiga simu kwa daktari. Hata akizinduka na kuanza kutembea, apelekwe. Joto kali huharibu viungo vya ndani, na madhara hayo hujitokeza siku zinazofuata.

Amejikunja, amefumba macho, hajibu akiguswa

Hapa watu hulia wakidhani amekufa. Soma joto. Chini ya nyuzi 15 kobe hupunguza kila kitu, mapigo ya moyo na pumzi pia, mpaka aonekane jiwe. Safari ya kutoka Minnesota mwezi wa Januari, hatari iko katika hatua zile chache kati ya mlango wa nyumba na gari, na katika kila mnaposimama kuweka mafuta mlango ukiachwa wazi. Washeni gari mapema lipate joto kabla hajatoka ndani. Sanduku lake liingie ndani ya lile sanduku nene la kuhifadhia vinywaji baridi, mfuniko ukiwa umeegemezwa tu. Linalozuia joto kuingia linazuia pia joto kutoka.

Zile pakiti za kupasha mikono zisiingie kamwe ndani ya sanduku lake. Zinatumia oksijeni ili zitoe joto, na zinaunguza ngozi. Kama lazima, zikae nje, taulo katikati.

Kumrudisha: apate joto kwa saa kadhaa, si dakika. Gari lifikishe nyuzi 22, kisha 25, naye atafunguka mwenyewe. Usimweke kwenye maji ya moto wala chini ya taa kali. La muhimu zaidi, usimrudishe kwenye maji ya kina mpaka ainue kichwa na kuvuta miguu kwa nguvu akiguswa. Kobe wa maji huzama akafa kama yeyote akiwa hana nguvu ya kuinua pua.

Kama joto ni sawa na bado hajibu, jaribu kugusa kidogo ngozi karibu na mkia au kona ya jicho. Mzima hujikunyata hata kidogo. Asipojikunyata, nenda kwa daktari hivyohivyo.

Macho yameingia ndani, ngozi imelegea

Hii ndiyo kiu ya kweli. Mkunjo wa ngozi ya shingo ukibaki umesimama, macho yakawa yamedidimia na mate yakawa mazito ya kunata, amepungukiwa maji. Wakubwa hupata hili mara chache ndani ya siku mbili. Vifaranga hupata upesi, kwa sababu mwili mdogo hukauka haraka. Kwao taulo liwe na unyevu muda wote na kulowekwa kuwe mara mbili au tatu kwa siku.

Kulowekwa maana yake ni hivi: beseni la pembeni, maji ya uvuguvugu yanayofika kwenye maungio ya gamba la juu na la chini, dakika 20 hadi 30, mtu akiwa karibu. Mkubwa mara moja au mbili kwa siku zinamtosha. Hapo hunywa, na hapo pia hujisaidia, ndiyo faida ya pili. Usitumie beseni la kuogea la moteli bila kulisafisha kabla na baada: kabla, kwa ajili ya mabaki ya sabuni na dawa, na baada, kwa ajili ya mgeni atakayefuata. Beseni lako mwenyewe ni bora.

Na maji hayo yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, bila yeye kuumwa. Ni kwa sababu ya ugonjwa huo ndiyo maana tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wenye gamba fupi kuliko inchi nne, yaani kama sentimita 10, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Moteli ni chumba kimoja: mnakula humo, mnalala humo, na kobe yumo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na watoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito na wazee wasimshike kabisa safarini.

Nyama nyeusi imetokeza mkiani

Ni uume wa dume. Mara nyingi hutokeza akilowekwa au akipata msukosuko, ni mkubwa na mweusi kiasi cha kumtisha asiyejua, kisha hurudi wenyewe. Usiuguse, usiurudishe kwa nguvu. Hakikisha uko kwenye unyevu na hakuna kobe mwingine wa kuung'ata. Usiporudi ndani ya saa moja, au ukianza kukauka au kuvimba, tafuta daktari siku hiyohiyo. Na kama kobe wako ni jike, kitu chochote kinachoning'inia hapo ni dharura tangu dakika ya kwanza.

Anazomea, au mapovu yanatoka puani

Kuzomea peke yake si ugonjwa. Akiingiza kichwa ghafla, hewa husukumwa nje ya mapafu na kutoa sauti. Atafanya hivyo kila ukifungua sanduku.

Mapovu puani akiwa nchi kavu, kupumua kwa mdomo wazi huku shingo imenyooshwa, au mluzi kila pumzi, hiyo ni homa ya mapafu mpaka daktari aseme vingine. Dalili iliyo wazi kabisa huonekana akirudishwa majini: anaogelea ameinama upande mmoja, kwa sababu pafu moja limejaa na jingine lina hewa. Chanzo huwa ni baridi ya njiani iliyopita siku kadhaa kabla, au upepo wa kiyoyozi uliopuliza moja kwa moja kwenye taulo lenye maji usiku kucha. Tatizo hili haliponi kwa kuongeza taa. Anahitaji dawa, mara nyingi sindano. Wakati mnasubiri miadi, maji yapungue kina ili afikie hewa bila kuogelea, na yawe na joto la nyuzi 27 hivi.

Hali kitu tangu mmefika

Siku chache za kwanza usihangaike. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki moja, hata mbili, bila kula na asidhurike; kifaranga usimpe zaidi ya siku tatu au nne kabla ya kuuliza.

Lakini hakikisha si wewe uliyemnyima hamu. Maji yawe nyuzi 24 hadi 27. Mahali pa kuotea jua pafike 32 hivi, pakavu kabisa. Taa ya UVB, yaani yenye miale kama ya jua, iwe inawaka saa 10 hadi 12 kwa siku, na iwe kweli imefika nzima, kwa sababu taa hizo hupasuka kwenye lori na mtu akanunua balbu ya kawaida ya nyumbani kwa muda, muda ukawa miezi. Balbu ya kawaida hutoa joto bila UVB, na bila UVB kobe hawezi kutumia kalisi anayokula. Tangi liwekwe mahali pasipopita watu kila dakika. Kisha mjaribu kwa kitu kinachocheza majini: mnyoo wa bustanini, uduvi mbichi. Akikataa hivyo vyote kwa wiki nzima katika joto sahihi, rudi kwenye daftari lako uangalie nini kilitokea njiani.

Macho yamevimba, maji yamekuwa meupe

Hapa ndipo penye matatizo mengi kuliko barabara yote ya I-35, nami nitakaa hapa kidogo.

Tangi la zamani lilikuwa safi si kwa sababu ya chujio kama mashine. Lilikuwa safi kwa sababu ya bakteria walioota kwenye sifongo la chujio miezi mingi, wakigeuza amonia ya mkojo na kinyesi kuwa kitu kisicho na sumu kali. Mtu anapohama huosha chujio kwa maji ya bomba hadi sifongo linang'aa, analianika, analifunga kwenye katoni. Amewaua bakteria wote. Anafika Dallas, anajaza maji mapya, anamrudisha kobe, na ndani ya siku chache amonia inapanda. Maji yanakuwa kama maziwa, harufu inachoma pua, kobe anasugua macho kwa mikono na kope zinavimba. Kujenga upya kundi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita.

Namna ya kulizuia ni rahisi. Sifongo lisafiri ndani ya ndoo yenye maji ya tangi la zamani, mfuniko ukiwa umelegezwa ili hewa iingie, nalo likae kwenye kiyoyozi pamoja nanyi. Likivuka siku moja hivi, baadhi watakufa, lakini watakaobaki wataanzisha wengine. Usiliache ndani ya chujio lililofungwa bila hewa. Wataoza na utamwaga sumu kwenye tangi jipya.

Ukishachelewa, badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku au siku mbili, pima amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, kwa vile vipimo vya matone vya duka la samaki, na umlishe kidogo. Chakula kingi ndicho amonia nyingi.

Maji ya bomba nayo yana lake. Miji mingi, Dallas ikiwemo, husafisha maji kwa kloramini, ambayo haitoki kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha kama tulivyozoea kuambiwa juu ya klorini. Tumia dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa kwamba inaondoa na kloramini, kila mara unapoongeza maji.

Ila si kila jicho lililovimba ni la maji. Kobe aliyelishwa uduvi mkavu peke yake kwa miaka hukosa vitamini A, na kope zake zilikuwa zimeanza kujaa kabla hamjafunga katoni ya kwanza. Kama vipimo vya maji ni safi na macho hayapungui kwa siku tatu, huyo ni wa daktari. Usimpe matone ya vitamini kwa kukadiria. Ikizidi nayo humdhuru.

Tangi linavuja

Usisafirishe tangi la kioo likiwa na maji, hata kidogo, hata mawe yake. Lita moja ni kilo moja. Tangi la galoni 75 likijaa lina maji ya kilo 284, na gundi ya pembeni haikuundwa kuvumilia uzito unaoyumba. Ukifika, lijaze nje au bafuni na uliache saa 24 kabla ya kulipandisha kwenye meza. Muda huo kobe anakaa kwenye beseni kubwa la plastiki, na hapotezi chochote.

Gamba limechubuka au limepasuka

Mchubuko juu juu, usafishe na uuache. Vipande vyembamba vinavyobanduka ni kujivua, si jeraha. Ufa unaotoa damu au unaoonyesha nyama ni mfupa uliovunjika, kwa sababu gamba ni mifupa yake, limeungana na uti wa mgongo. Safisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, funika kwa bandeji safi, mweke pakavu, nenda kwa daktari. Usipake gundi ya dukani: unafungia vijidudu ndani.

Kama ametoroka motelini, tembea kandokando ya kuta. Hufuata ukuta mpaka apate kona yenye giza, chini ya kitanda au nyuma ya kipasha joto.

Kabla ya kuamua mnapokwenda

Si kila jimbo linampokea. Florida tangu 2007 hairuhusu kobe huyu kumilikiwa bila kibali, na Oregon nayo imemkataza. Umoja wa Ulaya nao umemweka kwenye orodha ya viumbe vamizi tangu 2016. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo mnakokwenda, uulize pia kama wanataka cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo. Posta ya Marekani haipokei kobe kabisa. Kwa ndege, uliza shirika lenyewe kabla ya kukata tiketi. Kwenye ukaguzi kobe hutolewa sandukuni na sanduku peke yake ndilo hupita kwenye mashine.

Na kuna lile ambalo watu huliwaza kimyakimya: vijito vya Texas vimejaa kobe kama huyu, ni kwao kwa asili, kwa nini asiachiwe huko? Nawaomba msifanye hivyo. Kobe aliyelelewa tangini hubeba vijidudu ambavyo wa porini hawajazoea, naye hajui kujitafutia. Kama hamwezi kuendelea naye, mtafutieni nyumba kabla ya kuhama. Vivyo hivyo msiokote yule anayevuka barabara Kansas au Oklahoma mwezi wa Mei mkampeleka mji mwingine. Kama ni salama kwenu, mvusheni upande aliokuwa akielekea, basi.

Simu ya daktari

Kliniki nyingi za dharura za usiku hutibu mbwa na paka tu, na utaligundua hilo saa nne usiku ukiwa Wichita kama hukupiga simu mapema. Chama cha madaktari wa wanyama watambaao na amfibia, ARAV, kina orodha ya wanachama wake mtandaoni kwa kila jimbo. Andika namba moja ya Kansas City, moja ya Oklahoma City na moja ya mji mnakohamia. Ukipiga, anza na joto: lilikuwa nyuzi ngapi sandukuni, kwa saa ngapi. Halafu umri na ukubwa wa kobe, lini alikula na kujisaidia mara ya mwisho, kisha dalili yenyewe. Kama kuna mapovu au namna ya kuogelea usiyoielewa, mrekodi kwa simu sekunde chache kabla ya kwenda, kwa kuwa akifika mezani kwa daktari atajificha ndani ya gamba na hataonyesha chochote.